Chuma, sindano za EPO, vidonge vya HIF au kutuliza kinga: njia ipi inaifaa damu yako?

Wagonjwa wanne wanaweza kuwa na jibu lilelile la maabara, himoglobini gramu 9.5 kwa desilita, na kila mmoja akapewa ushauri wake. Wa kwanza anaandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Wa pili anawekewa chuma kwa dripu. Wa tatu anaanzishiwa sindano za erithropoietini, na wa nne anaambiwa damu itapanda yenyewe ugonjwa wake wa viungo ukishatulia. Wote wanne wanaweza kuwa wameshauriwa vizuri kabisa. Himoglobini huonyesha damu imepungua kiasi gani, lakini haionyeshi kazi ya kuitengeneza imekwama wapi.

Ulinganisho huu ni wa mtu mzima mwenye ugonjwa wa muda mrefu, kama vile figo, baridi yabisi, vidonda vya utumbo vinavyoletwa na kinga au maambukizi sugu, ambaye ametajiwa njia zaidi ya moja na hajui ashike ipi. Mjamzito, mtoto mdogo na aliyevuja damu ghafla wana hesabu nyingine, na hawamo humu.

Nani anaamuru damu itengenezwe

Uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa, wa mtu mzima hutoa takriban seli nyekundu milioni mbili kila sekunde, na kila seli huishi kama siku 120. Kazi kubwa hivyo haiendi bila msimamizi. Inao wawili, homoni na kinga.

Homoni kuu ni erithropoietini, maarufu kama EPO, na kwa mtu mzima hutoka zaidi kwenye figo. Ndani ya seli za figo kuna protini iitwayo HIF. Oksijeni ikitosha, HIF huvunjwavunjwa muda wote. Oksijeni ikipungua, HIF hubaki na kuamsha jeni ya EPO. Kufumbua mfumo huo ndiko kulikowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019. EPO ikifika kwenye uboho hufanya jambo moja la msingi: huzuia seli changa nyekundu zisijiue. Bila EPO nyingi hufa kabla ya kukomaa.

Upande wa kinga, mhusika mkuu ni makrofaji, seli inayojulikana zaidi kwa kumeza vijidudu. Watu wengi hawajui kwamba seli hiyohiyo ni mlezi wa damu. Mwaka 1958 Marcel Bessis alieleza mafungu ya seli changa nyekundu yaliyoizunguka makrofaji moja katikati ya uboho. Makrofaji huzilea, kisha humeza kiini ambacho kila seli nyekundu hukitupa inapokomaa. Kwenye wengu na ini, makrofaji nyingine hula seli nyekundu zilizochakaa na kurudisha chuma chake kwenye mzunguko. Uboho unahitaji miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku, na utumbo hufyonza miligramu 1 au 2 tu kutoka kwenye chakula. Kwa hiyo karibu chuma chote cha damu mpya hupitia mikononi mwa seli za kinga.

Sasa mwili ukipata maambukizi, au kinga ikianza kushambulia viungo vyake, seli za kinga hutoa ishara iitwayo interlukini 6. Ini likiipata hutoa homoni nyingine, hepsidini, ambayo huharibu ferroportini, mlango pekee ambao chuma hutokea ndani ya seli. Ghala limejaa, lakini limefungwa kwa kufuli. Kufuli hilo lina sababu: bakteria nao wanakihitaji chuma ili wazaliane, na mwili unawanyima. Tatizo ni pale mwako wa kinga, yaani kinga kuchangamka na kuvimbisha mwili, unapodumu miezi na miaka. Isitoshe, ishara nyingine za kinga, hasa TNF na interferoni gama, hupunguza EPO inayotoka kwenye figo, huufanya uboho uisikie kidogo, na huuelekeza kutengeneza seli nyeupe badala ya nyekundu. Makrofaji zilizochangamka nazo huanza kula seli nyekundu ambazo hazijazeeka.

Mawasiliano huenda pia upande wa pili. EPO inapousukuma uboho kwa nguvu, seli changa nyekundu hutoa erithroferoni, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 2014, ambayo huliamuru ini lipunguze hepsidini ili chuma kitoke. Hii ndiyo sababu njia nne za hapa chini huingiliana, na mgonjwa mmoja huweza kuhitaji mbili kwa pamoja.

Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale: inagusa amri ipi, inahitaji nini ili ifanye kazi, inachukua muda gani, hatari yake ni ipi, inasumbua kiasi gani kuitumia, na inamfaa nani.

Maswali hayo hayajibiki bila vipimo. Vya chini kabisa ni feritini (protini inayoonyesha akiba ya chuma), asilimia ya kujaa kwa transferini (protini inayobeba chuma kwenye damu), CRP (kipimo cha mwako), utendaji wa figo, hesabu ya retikulosaiti (seli nyekundu changa zilizotoka kwenye uboho karibuni), pamoja na vitamini B12 na foleti. Feritini ndiyo inayowapotosha wengi, maana hupanda mwako wa kinga unapopanda, hata kama chuma ni kidogo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaweka mpaka wa upungufu wa chuma kwa mtu mzima kuwa mikrogramu 15 kwa lita akiwa mzima, lakini 70 akiwa na maambukizi au mwako. Mtu mwenye feritini 60 na CRP ya juu anaweza kuambiwa chuma chake kipo cha kutosha, na kumbe hakipo. Ukipewa jibu la feritini bila CRP, iulizie.

Njia ya kwanza: kutuliza kinga

*Inagusa nini.* Chanzo chenyewe. Mwako ukishuka, interlukini 6 hushuka, hepsidini hushuka, chuma kilichofungiwa hutoka, na uboho huanza tena kuisikia EPO. Ushahidi mzuri umo katika baridi yabisi: tocilizumab, dawa inayoziba kipokezi cha interlukini 6, hupandisha himoglobini kwa wagonjwa waliokuwa na upungufu wa damu, ingawa haikutengenezwa kwa ajili ya damu. Dawa zinazozuia TNF nazo hufanya hivyo kwa kiasi. Kama mwako unaletwa na maambukizi, dawa ya kutuliza ni ile inayoua vijidudu.

*Inahitaji nini.* Utambuzi sahihi wa ugonjwa ulioko nyuma. Hapa ndipo njia hii inapowashinda wengi, kwa sababu kutafuta chanzo huchukua muda kuliko kuandika kidonge cha chuma.

*Kasi.* Wiki kadhaa hadi miezi, kutegemea ugonjwa unavyotii.

*Hatari.* Kinga iliyopunguzwa nguvu huacha mwanya kwa maambukizi, na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka, hasa kwa dawa za kuzuia TNF. Ndiyo sababu hupimwa kwanza. Steroidi hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa zikitumiwa muda mrefu. Methotrexate na azathioprine, dawa nyingine za kutuliza kinga, zenyewe zinaweza kuubana uboho. Kundi jingine la kuangalia ni dawa zinazozuia vimeng'enya vya JAK: EPO hupitisha amri yake kupitia JAK2, kwa hiyo dawa inayozima njia hiyo, kama ruxolitinib, inaweza kupunguza damu.

*Usumbufu.* Unatofautiana sana, kuanzia kidonge cha kila siku hadi dripu ya hospitali, na vipimo vya damu vya mara kwa mara haviepukiki.

*Inamfaa nani.* Mwenye CRP ya juu, feritini ya kawaida au ya juu, na ugonjwa ambao ungetibiwa hata kama damu isingepungua. Kumpa mtu huyu EPO wakati viungo vyake vimevimba bila matibabu ni kuacha kazi nusu.

Njia ya pili: madini ya chuma, kwa vidonge au kwa dripu

*Inagusa nini.* Haigusi amri yoyote moja kwa moja, inaongeza malighafi. Lakini hepsidini ndiyo huamua kama malighafi hiyo itafika, na hapo vidonge na dripu vinaachana. Kidonge lazima kipite kwenye ukuta wa utumbo, ambako ferroportini imeondolewa, kwa hiyo mwako ukiwa mkali kinaishia chooni. Dripu huruka utumbo. Hata hivyo chuma cha dripu humezwa kwanza na makrofaji, na lazima kitoke humo kupitia mlango uleule. Kwa hiyo dripu inaushinda mwako kwa sehemu tu, jambo ambalo halisemwi vya kutosha.

*Inahitaji nini.* Kwa kidonge, mwako mdogo na utumbo mzima. Kwa dripu, mahali penye wahudumu wanaoweza kushughulikia mzio wa ghafla. Kwa zote mbili, EPO ya kutosha mwilini.

*Kasi.* Retikulosaiti hupanda ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Kwa mtu aliyepungukiwa chuma kweli, himoglobini hupanda gramu 1 hadi 2 kwa desilita ndani ya mwezi. Vidonge huendelezwa miezi kama mitatu zaidi ili kujaza akiba. Dripu hujaza akiba kwa ziara chache.

*Hatari.* Vidonge hukera zaidi kuliko kudhuru: kichefuchefu, choo kigumu, choo cheusi. Dripu ina uwezekano mdogo wa mzio mkali, na aina ya ferric carboxymaltose inajulikana kwa kushusha fosfeti kwenye damu, jambo linalochosha na kuumiza mifupa likirudiwarudiwa. Mwenye maambukizi makali kwenye damu kwa kawaida hapewi dripu papo hapo. Huahirishwa hadi maambukizi yadhibitiwe, kwa sababu ileile iliyoufanya mwili ukifungie chuma.

*Usumbufu.* Kuna habari njema kwa wanaochukia vidonge. Dozi moja ya chuma hupandisha hepsidini kwa takriban saa 24, kwa hiyo dozi ya pili ya siku hiyo hufyonzwa vibaya. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2015 na 2017 kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma zilionyesha kwamba kumeza siku moja na kupumzika inayofuata huongeza sehemu ya chuma inayofyonzwa. Muulize daktari wako kama ratiba hiyo inakufaa kabla ya kuacha chuma kwa sababu ya tumbo.

*Inamfaa nani.* Kidonge: feritini ya chini, CRP ya kawaida, na haraka hakuna. Dripu: aliyeshindwa na vidonge, mwenye ugonjwa wa utumbo, au anayesafishwa damu. Kwa hao wa mwisho, utafiti wa PIVOTAL wa Uingereza ulionyesha kwamba kutoa chuma cha mshipani mapema na kwa wingi, kikisimamishwa feritini ikizidi 700 au transferini ikijaa zaidi ya asilimia 40, kulipunguza dozi za EPO zilizohitajika bila kuongeza madhara ya moyo.

Njia ya tatu: sindano za EPO

*Inagusa nini.* Amri ya homoni yenyewe. Mwaka 1977 timu ya Eugene Goldwasser ilifanikiwa kuitenga EPO safi kutoka kwenye mkojo wa wagonjwa ambao uboho wao ulikuwa umeshindwa kutoa damu. Walihitaji zaidi ya lita 2,500 kupata miligramu chache tu. Jeni yake ilipatikana mwaka 1985, na mwaka 1989 Marekani iliidhinisha EPO ya kutengenezwa. Kabla ya hapo, wagonjwa wa figo waliishi kwa kuongezewa damu na sindano za homoni za kiume.

*Inahitaji nini.* Chuma kinachopatikana. Hili ndilo kosa la mara kwa mara: dozi inaongezwa, uboho unasukumwa, lakini hakuna malighafi. Inahitaji pia mwako uwe mdogo, kwani mwenye CRP ya juu huhitaji dozi kubwa zaidi kwa matokeo hafifu.

*Kasi.* Himoglobini huanza kupanda ndani ya wiki 2 hadi 6. Kupanda kwa kasi kupita kiasi ni tatizo. Zaidi ya gramu 1 ndani ya wiki mbili kwa kawaida ni ishara ya kupunguza dozi.

*Hatari.* Hapa nitakaa kidogo. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba himoglobini ikirudishwa kwenye kiwango cha mtu mzima mwenye afya, mgonjwa wa figo ataishi vizuri zaidi. Tafiti kubwa zilivunja dhana hiyo. CHOIR ya mwaka 2006 ilikuta vifo na matatizo ya moyo vimezidi kwa waliolengewa himoglobini ya 13.5 kuliko waliolengewa 11.3. TREAT ya mwaka 2009, kwa wagonjwa wa kisukari wenye ugonjwa wa figo, ilikuta kiharusi karibu maradufu kwa waliopewa darbepoetin, aina ya EPO inayodumu zaidi mwilini, ikilinganishwa na waliopewa dawa bandia. Tangu hapo lengo limeshushwa, na mwongozo wa mwaka 2012 wa KDIGO, taasisi ya kimataifa ya miongozo ya figo, ulishauri kwa jumla kutovuka 11.5 kwa kutumia dawa hizi. Hatari nyingine ni shinikizo la damu kupanda, damu kuganda mishipani, na tahadhari maalumu kwa mwenye saratani au aliyewahi kupata kiharusi.

Kuna moja ya nadra inayoonyesha jinsi homoni na kinga zinavyoweza kugombana. Kuanzia mwaka 1998 walionekana wagonjwa ambao kinga yao ilitengeneza kingamwili dhidi ya EPO ya sindano. Kingamwili hizo ziliizima pia EPO ya mwili wenyewe, na uboho ukaacha kabisa kutoa seli nyekundu. Wengi walikuwa wametumia bidhaa moja iliyobadilishwa mchanganyiko wake na kudungwa chini ya ngozi. Baada ya marekebisho, matukio yalipungua sana. Damu ikiporomoka ghafla kwa mtu aliyekuwa akiitikia EPO vizuri, daktari ataliwaza hilo.

*Usumbufu.* Sindano mara tatu kwa wiki kwa aina za zamani, mara moja kwa wiki au wiki mbili kwa darbepoetin, hadi mara moja kwa mwezi kwa aina inayodumu zaidi. Zote zinahitaji jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Anayesafishwa damu hudungwa palepale kwenye mashine, kwa hiyo haoni mzigo. Aliye nyumbani na hana jokofu la kutegemewa anauona.

*Inamfaa nani.* Mgonjwa wa figo ambaye chuma chake kimeshasawazishwa na himoglobini bado iko chini ya 10. Ni njia yenye ushahidi wa miaka mingi kuliko nyingine za homoni, na madhara yake yanajulikana, jambo ambalo kwangu lina uzito.

Njia ya nne: vidonge vya HIF

*Inagusa nini.* Hatua moja juu ya EPO. Vidonge hivi huzuia kimeng'enya kinachovunja HIF, kwa hiyo mwili hutenda kana kwamba umepanda mlimani: hutengeneza EPO yake wenyewe, kwa kiwango kilicho karibu na cha kawaida, na utumbo hufyonza chuma zaidi huku hepsidini ikishuka. Hata figo iliyoharibika huwa bado na seli zenye uwezo wa kuitoa, na ini huchangia.

*Inahitaji nini.* Bado inahitaji chuma. Lakini kwenye majaribio ya roxadustat, kimojawapo cha vidonge hivi, wenye CRP ya juu waliitikia bila kuhitaji dozi kubwa zaidi, jambo ambalo EPO ya sindano huliweza kwa shida.

*Kasi.* Inakaribiana na ya EPO.

*Hatari.* HIF huamuru jeni nyingi mbali na ya EPO, ikiwamo ya kuotesha mishipa mipya, kwa hiyo saratani na matatizo ya retina hufuatiliwa kwa uangalifu. Damu kuganda ni hatari ya wazi, hasa kwenye mshipa wa kusafishia damu, na nchini Marekani maandishi ya dawa hizi yana onyo zito kuhusu hilo. Vadadustat, dawa nyingine ya kundi hili, inaweza kuumiza ini. Roxadustat imehusishwa na kushuka kwa homoni za tezi dundumio. China iliidhinisha roxadustat mwaka 2018, Ulaya mwaka 2021, na mwaka huohuo Marekani ikaikataa. Daprodustat, ya kundi hilohilo, ilikubaliwa Marekani mwaka 2023 na vadadustat mwaka 2024, zote kwa watu wazima wanaosafishwa damu tu. Mamlaka makini zinapotofautiana hivyo, mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali mengi.

*Usumbufu.* Hakuna sindano wala jokofu. Roxadustat humezwa mara tatu kwa wiki, nyingine kila siku. Vidonge vya chuma na baadhi ya dawa za kufunga fosfeti huzuia roxadustat na vadadustat zisifyonzwe, kwa hiyo saa za kumeza lazima zipangwe.

*Inamfaa nani.* Mgonjwa wa figo asiyeweza sindano au jokofu, au mwenye mwako unaoifanya EPO ya sindano isiitikie, ambaye hana historia ya karibuni ya kiharusi, mshtuko wa moyo au saratani. Kwa upungufu wa damu usiohusiana na figo, dawa hizi si za kawaida.

Vilivyobaki pembeni

Kuongezewa damu hakulingani na njia hizi, kwa sababu hakurekebishi amri yoyote. Chupa moja hupandisha himoglobini kama gramu 1, mara moja, na ndiyo sifa yake. Chupa hiyo huja pia na miligramu 200 hadi 250 za chuma, na inaweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili zinazoweza kuharibu nafasi ya kupandikizwa figo.

Homoni nyingine husahaulika. Tezi dundumio iliyolegea hupunguza damu, na hapo dawa ni homoni ya tezi. Testosteroni huchochea uboho na kushusha hepsidini, ndiyo maana mpaka wa upungufu wa damu ni 13 kwa mwanaume na 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Anayetumia testosteroni ana tatizo la kinyume: hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) ikivuka asilimia 54, dozi husimamishwa.

Kwa hali yako

Feritini ya chini na CRP ya kawaida: anza na vidonge, na ulizia ratiba ya siku moja ndiyo, moja hapana. Tafuta pia damu inakopotelea, maana kwa mwanaume na kwa mwanamke aliyekoma hedhi, upungufu wa chuma unaweza kuwa dalili ya kwanza ya kidonda au uvimbe tumboni.

Feritini iliyo katikati, CRP ya juu, ugonjwa wa kinga unaojulikana: tibu ugonjwa kwanza. Kama transferini haijajaa hata asilimia 20, dripu ya chuma inaweza kwenda sambamba.

Figo dhaifu, hujaanza kusafishwa damu: sawazisha chuma, kisha EPO kwa dozi ndogo himoglobini ikishuka chini ya 10 na dalili zikikusumbua. Kama umewahi kupata kiharusi au saratani, mazungumzo na daktari yaanzie hapo.

Unasafishwa damu: dripu na EPO kwenye mashine ni rahisi na vimejaribiwa. Vidonge vya HIF vina nafasi sindano zinapokosa kuitikia.

Unasubiri kupandikizwa figo: epuka kuongezewa damu kila inapowezekana.

Unapata EPO na chuma, na damu haipandi: kabla dozi haijaongezwa, omba itafutwe sababu. Za kawaida ni maambukizi yaliyojificha kwenye katheta au meno, damu inayovuja polepole tumboni, B12 au foleti ndogo, kusafishwa damu kusikotosha, na homoni ya paratiroidi iliyopanda sana, ambayo hujaza makovu kwenye uboho.